Zamu Yetu ya Stima

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake: mmoja kisimani, mwingine nikiwa nageuza vitumbua, mwingine msibani kabisa, bila haya. Kila nikianza kusimulia, mtu ananikatiza kuuliza bei ya dagaa. Sasa nimekaa chini, nimeandika kwa hati za Kiarabu alizonifundisha marehemu baba, na Bi. Tausi, mama wa upatu wetu, atawasomea mkiwa mmekaa pamoja. Atakayemkatiza Bi. Tausi ajue ananikatiza mimi. Habari za tiketi na vibali siziandiki, hazina utamu.

Kwa wale waliojiunga nasi karibuni, nianze na chanzo. Bwana Mbaruku wa Ujiji alipokuja Tabora kutafuta watu wa kununua stima kuukuu kwa ushirika, mimi ndiye niliyesimama na kusema upatu wa wanawake wa Mtendeni uingie. Mwezi ule ilikuwa zamu ya shoga yangu Zuhura kupokea. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi na inavuja, na alishakwenda dukani kuyagusagusa mabati. Nilimsemesha mpaka akakubali zamu yake iende ziwani. Tangu hapo masika yalikuja yakaenda, Zuhura akawa anahamisha kitanda kutoka pembe hii hadi ile, na sisi stima hatujauona hata moshi wake.

Sisi tulielewa hivi: wenye stima ni makundi matatu, watu wa chumvi wa Uvinza, watu wa mawese wa Ujiji, na sisi. Basi kila kundi litapokea stima nzima kwa zamu yake, halafu litampisha mwenzake. Hatukuuliza, kwa kuwa hatukuwahi kuona watu wanachanga kitu halafu hakuna anayepokea. Ndipo zikaja habari kwamba wenzetu wanataka kumuuzia tajiri mmoja wa Kigoma kwa bei ya kutupa, bei ambayo deni la matengenezo lingeimeza yote na sisi tusiambulie kitu. Mkanituma nikaizuie. Zuhura akasema haniachi niende peke yangu, maana mdomo wangu unahitaji mtu wa kuuombea radhi njiani.

Tabora hadi Nguruka

Treni iliondoka ikiwa imechelewa, kama kawaida yake, na bado kuna watu walioachwa wakikimbia na mikeka. Sisi tulikuwa tumekaa tangu mapema, matobolwa ya viazi kwenye kikapu, asali ya Sikonge kwenye kibuyu, na kitambaa kimetandazwa juu. Nilimwambia Zuhura chakula hicho ni cha safari nzima. Tulipofika Usoke alikuwa ameshatafuna viazi vya kutosha kulisha harusi.

"Nikiogopa nasikia njaa," akasema.

"Na usipoogopa?"

"Nasikia njaa pia, lakini kwa furaha."

Urambo tuliamkiwa "mwangaluka" kupitia dirishani na wanawake wenye karanga na mayai ya kuchemsha, tukajibu kwa sauti kubwa kama watu wanaokwenda hija. Nilifurahi kupita kiasi. Sikuwahi kuvuka Usoke maishani mwangu, na babu yake Zuhura alikuwa akiipita njia hii kwa miguu, pembe ya ndovu begani. Zuhura akawa ananionyesha vichaka na kusema hapa babu alilala, pale babu aliumwa na nge, bila hata chembe ya ushahidi. Nikamwacha aseme.

Mbele yetu alikaa bwana mmoja mnene, kofia safi, ameegemea mfuko wa chumvi kama mto wa kulalia. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatupia jicho kikapu chetu mpaka ikabidi nimkaribishe. Alijitaja kuwa ni Masudi wa Uvinza. Alikula matobolwa yetu kwa asali akasifu sana, halafu akasema Wanyamwezi mngejua kuuza kama mnavyojua kutembea, mngekuwa matajiri wa nchi hii. Zuhura akanifinya kabla sijajibu.

Maji ya Malagarasi

Baada ya Nguruka treni ilisimama. Mto ulikuwa umepanda ukafunika reli, na mbele yetu kulikuwa na maji matupu, yanameta, na ndege weupe wamesimama juu ya pale ambapo reli ilitakiwa kuwapo. Dereva alishuka, akatazama, akavua viatu, akarudi akakaa. Abiria wakaelewa.

Watu wakashuka wakaanza kupika. Wavuvi wa mtoni walisikia kuna treni imekwama na wakaja na mitumbwi iliyojaa kambale na perege. Kabla jua halijakaa sawa, pembeni mwa reli pakawa soko, na mtu mmoja ametoa zeze. Sisi tulikuwa na sufuria, Masudi alikuwa na chumvi, kwa hiyo tukawa jamaa. Nikaweka samaki motoni.

"Mnakwenda kwa ndugu?" Masudi akauliza.

"Tunakwenda kwenye shughuli," nikasema. Nilikuwa najivunia, lakini nilitaka aniombe kwanza.

Hakuniomba. Akaanza kueleza shughuli zake mwenyewe. Alituambia ana fungu katika stima moja huko Ujiji, na kwamba anaiendea kuiuza, maana amechoka. "Tuko na mzee mmoja wa mawese, Bukuru, ana roho ya fisi. Stima ikifika anajaza madebe yake mpaka juu, chumvi yangu inabaki gatini inanyeshewa. Halafu kuna wanawake fulani wa Tabora. Hao ndio kichekesho. Nasikia wanadhani stima ni upatu, watakuja kuipokea!"

Zuhura alipaliwa na mwiba ambao haukuwapo, maana samaki hakuwa ameiva bado. Akanifinya. Nilinyamaza, wallahi nilinyamaza, mpaka upande wa pili wa samaki ukashika rangi. Kisha nikasema, "Bwana Masudi, hao wanawake ndio wanaokupikia."

Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akamtazama Zuhura, ambaye hajui kudanganya hata kwa uso, na kicheko kikamwishia kooni. Akaomba radhi kwa kumwaga chumvi nzuri nyeupe kwenye sufuria yetu, zaidi ya ilivyohitajika. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Dada," akaniambia kwa upole, "hisa si upatu. Hisa ukishaweka, unakaa unangoja faida."

"Na wewe umeipata hiyo faida?"

Akachokonoa moto. "Bado."

"Basi sote tunangoja. Tofauti ni kwamba mimi najua ninachongojea."

Watu waliozunguka moto walicheka na mpiga zeze akaniimbia kibwagizo papo hapo. Mimi nilicheka pamoja nao, lakini moyo haukuwa unacheka. Zuhura aliinua uso kutoka kwenye sahani yake na kuniuliza taratibu, "Kwa hiyo hakuna zamu?"

Nawaambia kweli, samaki yule alikuwa mtamu kuliko wote niliowahi kula na sikuweza kummaliza. Nilikuwa nimemtoa mtu chini ya mabati nikamrudisha chini ya nyasi zinazovuja, kwa jambo ambalo sikuwa nalielewa. Zuhura aliona nimeacha samaki, akamvuta upande wake akamla. Kisha akasema twende tu tukaione, hata watu wanaouza ng'ombe humtazama mara ya mwisho.

Uvinza

Maji yalipopungua treni ilisogea kwa mwendo wa jongoo, watu wakitembea kando yake na kuitania. Uvinza ilitubidi kushuka kungoja behewa lingine, na Masudi akasema haiwezekani tukae stesheni wakati yeye ana nyumba. Wake zake walitupokea vizuri mno. Walitupikia ugali wa mtama na mboga ya majani makavu ya kunde kwa karanga, na mke mkubwa alinipa chumvi ya kuja nayo nyumbani, ambayo Bi. Tausi ameificha wapi sijui, maana hata punje sijaiona tena.

Asubuhi tuliona chumvi inavyochemshwa, mitungi na moshi, macho yote mekundu. Nyuma ya nyumba palikuwa na vilima vya chumvi vimefunikwa nyasi, na mvua ilikuwa imepenya. Masudi alitia kidole kwenye tope jeupe akakitazama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka Ujiji, lakini pale nilimwonea huruma. Chumvi yake ilikuwa inavujiwa kama kitanda cha Zuhura.

Kigoma hadi Ujiji

Kigoma tulishuka, ziwa likatokea kati ya vilima, na Zuhura akakaa chini palepale kwenye mizigo. Alikuwa akidhani ziwa ni kama bwawa letu ila kubwa kidogo. Tulikwenda Ujiji kwa miguu na Masudi, njia ile ile ya wapagazi, akitangulia na kugeuka kila mara kutuuliza kama tumechoka, ilhali yeye ndiye aliyekuwa anahema.

Ujiji inanukia mawese na dagaa mpaka kwenye nguo. Tulikula migebuka ya ziwani ya kuchoma kwa mihogo na mawese, vidole vikawa vyekundu, tukafurahi tena bila kutaka. Kisha tukaenda ufukoni.

Ilikuwa pale. Ndogo kuliko nilivyowaambia ninyi, na najua niliwaambia nini. Kutu ubavuni, dohani limeinama upande kama mtu anayesikiliza, na kuku wawili wa mtu wanazunguka kwenye sitaha. Mwanamume mrefu mwenye mvi alikuwa anapiga msasa usukani. Alikuwa Mmanyema, nahodha wa stima, jina lake Feruzi.

"Mnamtafuta nani, mama?"

"Hatumtafuti mtu," nikasema. "Tunaitazama mali yetu."

Alituwekea ubao tupande. Zuhura alipapasa ule ukuta wa chuma ulio na joto la jua, akapapasa tena, vile vile alivyokuwa akiyapapasa mabati dukani. Niligeuka upande wa ziwa. Nililia kidogo, na sioni sababu ya kuwaficha.

Barazani kwa Bwana Mbaruku

Kikao kilikuwa baada ya sala ya Ijumaa. Bwana Mbaruku alikuwa amekonda tangu tulipomwona Tabora, na alipotuona sisi akainuka akatuandalia mkeka yeye mwenyewe, kwa haya. Masudi alikaa kushoto, Mzee Bukuru kulia, mzee mfupi mwenye sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto. Tajiri alikaa katikati, anakunywa kahawa, hana haraka.

"Mawese yakikaa juani yanachacha!" Bukuru alianza kabla ya salamu kwisha. "Chumvi inaoza? Nani amewahi kuona chumvi imeoza?"

"Na mawese yanayeyuka kwa mvua?" Masudi akajibu. "Njoo Uvinza uone mali yangu inavyotiririka kurudi ardhini!"

Walikwenda hivyo, na kwa haki, wote wawili walisema kweli. Mwisho Bwana Mbaruku akashika kichwa akasema, "Basi tuuze tupumzike." Kisha akatukumbuka. "Na mama zetu wa Tabora, mnasemaje?"

Nilisimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Uvinza na yote yakanikimbia, yakabaki yale ya mwanzo. "Sisi tumekuja kupokea stima yetu."

Walicheka, na tajiri alicheka kuliko wote. "Mama, stima haipokelewi kama sufuria!"

Zuhura akanishika pindo la kanga, na kwa sababu ya pindo lile sikusema nililotaka kusema kuhusu mama yake tajiri. Nikamgeukia Masudi.

"Bwana Masudi. Ukipewa stima mwezi mzima, peke yako, chumvi yako yote itavuka?"

"Yote! Na nafasi itabaki."

"Mzee Bukuru, na mawese yako?"

"Mwezi utanitosha, mradi huyu asiwemo."

"Sasa mnagombania nini? Mtendeni tuko wanawake wengi kuliko ninyi, na tunagombana kuliko ninyi, wallahi mngetusikia. Lakini siku ya upatu hakuna ugomvi. Mwezi wako ni wako: kuni zako, posho ya mabaharia yako, mzigo wako, faida yako. Mwezi ukiandama upya, unampisha mwenzako na kukaa nyumbani kunyoosha miguu. Hakuna anayegawana sufuria moja siku moja. Ninyi mmekuwa mkijaribu kupokea wote kwa pamoja, ndiyo maana hakuna aliyepokea."

Bwana Mbaruku alianza kutabasamu polepole, kama mtu anayesikia maumivu yanamtoka. Bukuru akakuna kidevu.

"Lina maana," akasema. "Nitaanza mimi."

"Wewe uanze?" Masudi akaruka. "Kabla yangu? Bora niuze!"

Wakarudi pale pale, sauti juu. Tajiri akajaziwa kikombe. Niliona tunaipoteza stima mbele ya macho yangu.

Zuhura hakuwa amefungua mdomo tangu tuingie ila kula tende. Alimeza, akasema, kwa sauti yake ile ya kuomba chumvi kwa jirani, "Aanze asiyegombana na mtu."

Masudi akamtazama Bukuru. Bukuru akamtazama Masudi. "Wakianza wanawake," Masudi akasema, "nitavumilia. Mradi si yeye."

"Na mimi vivyo hivyo," Bukuru akasema. "Mradi si yeye."

Msije mkadhani tulipewa kwa heshima. Tulipewa kwa sababu kila mmoja alichukia zaidi kumwona mwenzake ametangulia. Nami nikaipokea hivyo hivyo, kwa mikono miwili. Tajiri akaomba viatu vyake.

Ziwani

Asubuhi yake Feruzi alikuja kuniuliza mzigo wetu uko wapi, na kuni. Hapo ndipo nilipotambua kuwa nina stima nzima na kitu cha kutia ndani yake sina, isipokuwa kikapu kisicho na matobolwa. Nilitaka kumuuliza Zuhura, Zuhura hayupo.

Nilimkuta sokoni, amekaa chini na wanawake wauza dagaa, vyungu na mawese ya rejareja, kama amezaliwa nao. Kumbe wale stima ikiondoka huachwa gatini kila mara, maana mizigo ya wakubwa hujaza chombo, nao hutembea kando ya ziwa na mali kichwani mpaka vijiji vya kusini. Zuhura alikuwa amewaambia tu kwamba mwezi huu stima ni ya wanawake na haina mzigo.

Walikuja kama wanakuja harusini. Kila mmoja alikuwa na bidhaa zake, na juu ya bidhaa furushi la kuni, maana Zuhura alikuwa amewaambia na hilo. Nauli walitulipa kwa mawese na dagaa. Madebe mliyoyaona yakishushwa stesheni ya Tabora ndiyo hayo, na mabati mnayoyasikia yakigongwa kwa Zuhura tangu juzi yametoka humo. Feruzi akatia moto, dohani likakohoa moshi mweusi, chombo chote kikatetemeka chini ya miguu yetu, na wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja alitapika hadi Ilagala na hakuacha kucheka.

Tulipokaribia gati la Ilagala, wanaume waliosimama pale walikusanya viganja midomoni wakaita, "Stima ya naniii?"

Feruzi alinieleza kwamba ndivyo ilivyo katika ziwa hili, chombo huulizwa mwenyewe kabla ya kutupiwa kamba. Yeye alishajibu kwa jina la serikali ya Mdachi, akajibu kwa majina ya matajiri, akajibu kwa jina la Bukuru. Alifungua kinywa, akakifunga, akanitazama mimi.

"Jibu, mama. Wanangoja."

Mimi, ambaye mnasema sijawahi kukosa neno, nililikosa. Pale gatini wakaita tena.

Zuhura akapanda juu ya furushi la kuni, akashika nguzo, akapaza sauti ambayo sikujua kuwa anayo. "Ya Mtendeni!"

"Mtendeni ndiyo nani?"

Basi akaanza kuwataja. "Tausi! Mwanahawa! Nyamizi! Siwema! Bi. Kidawa!" Kila jina wanawake wa stima wakalirudia kwa kelele, watu wa gatini nao wakaanza kulirudia, wakicheka, watu ambao hawajawahi kuwaona hata mmoja wenu. Aliwataja wote, wakubwa na wadogo, hata wewe Mwanahawa unayemwita mlafi. Kisha akanyamaza, ameridhika, akangoja kamba.

Alikuwa amejisahau mwenyewe. Ndipo nikalipata neno langu.

"Na Zuhura!" nikaita. "Zuhura!"

Wakatutupia kamba.